Alalaye Hajioni

Magonjwa mengi, mwenye kuugua ndiye wa kwanza kuyajua. Jino likimwuma, hahitaji mtu wa kumpa habari. Tumbo likimsokota usiku, yeye ndiye aamshaye wengine. Lakini yako magonjwa ambayo mgonjwa ndiye wa mwisho kuyafahamu, nayo ni magonjwa ya usingizi. Mtu akisha kufumba macho, hajioni tena wala hajisikii. Kwamba anakoroma, kwamba pumzi yake inakatika, kwamba anasimama na kutembea nyumbani, mambo hayo yote huonwa na wengine. Kwa hiyo juma hili twataka kusema nanyi, ndugu wasomaji, na hasa nanyi mlalao karibu na mgonjwa: mume, mke, mama, ndugu wa chumba kimoja, mwangalizi wa bweni la shule. Daktari, hata awe na elimu namna gani, atataka kujua kwanza: «Ni nani aliyekuona ukilala?»

Tufahamu kwanza usingizi wenyewe. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba kulala ni kama kuzima taa: mwili umepumzika, ubongo umenyamaza, basi. Sivyo. Mwaka 1953, huko Chicago, Marekani, mabwana Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza jambo lililowashangaza wengi. Katika usingizi viko vipindi ambamo macho huenda mbio huku na huku chini ya kope, na mtu akiamshwa wakati huo, mara nyingi husimulia ndoto. Leo twajua kwamba usiku wetu ni mizunguko. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 90: usingizi mwepesi, kisha usingizi mzito, kisha ndoto, halafu mzunguko mwingine huanza. Wakati wa ndoto ubongo una kazi nyingi, lakini mikono na miguu imelegea kabisa kana kwamba imefungwa, tusije tukapigana na simba tunayemwota na kumwumiza aliye kando yetu. Lishikeni neno hilo la ubongo wenye kazi na mwili uliofungwa, maana tutalirudia.

Mtu mzima apaswa kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 ahitaji saa 9 mpaka 12, na kijana wa miaka 13 mpaka 18 ahitaji saa 8 mpaka 10. Wanafunzi wetu na wasome hesabu hiyo mara mbili. Kijana anayejivuna kwamba alikesha juu ya daftari mpaka saa nane ya usiku, akaamka saa kumi na moja, hana ugonjwa wowote; ana deni, nalo deni hilo humdai darasani, kwa kawaida siku ile ile ya mtihani.

Sasa tuje kwenye ugonjwa ambao, kwa maoni yetu, ni wa hatari kuliko watu wanavyodhani. Kukoroma ni jambo la kuchekesha katika nyumba nyingi. Baba akikoroma, watoto hucheka, na wako wanaosema kwamba huo ndio usingizi wa mtu mwenye nguvu. Kweli, wengi wakoromao hawana neno. Lakini wewe mama, sikiliza vizuri usiku wa leo. Je, sauti yaendelea sawasawa kama msumeno? Au yapanda, yapanda, kisha kimya? Kimya hicho ndicho cha kuhesabu. Kifua chajitahidi kuvuta hewa, wala hewa haipiti; zapita sekunde 10, 20, pengine zaidi; kisha mlalaji hushtuka, hukoroma kwa nguvu kama mtu aliyetolewa majini, hugeuka upande, na yote huanza upya. Asubuhi hakumbuki kitu. Atakuambia: «Nimelala vizuri sana.»

Sababu yake ni hii. Nyuma ya ulimi, koo ni mrija laini usio na mfupa wa kuushikilia. Tukilala, nyama zake hulegea. Kwa mtu mnene, au mwenye shingo nene, au mwenye taya dogo, au mwenye mafindofindo makubwa, mrija huo huweza kujifunga kabisa. Oksijeni hupungua katika damu, na ubongo humshtua mtu kwa kitambo kidogo tu, kiasi cha kufungua koo, si kiasi cha kumfanya akumbuke. Waganga huhesabu ni mara ngapi kwa saa moja pumzi hukatika au hupita kwa shida. Zikiwa mara 5 mpaka 15, ugonjwa ni mwepesi. 15 mpaka 30, ni wa kadiri. Zikipita 30, ni mkali. Fikirini maana yake: mara 30 kwa saa moja ni kushtuliwa kila baada ya dakika mbili, usiku kucha. Kama askari wa gereza angemfanyia mfungwa hivyo, tungeita mateso. Lakini baba wa nyumba akifanyiwa hivyo na koo lake mwenyewe, kisha asinzie mchana kazini, tunamwita mvivu.

Zitazameni basi dalili za mchana. Kichwa humwuma asubuhi, kinywa kimekauka, usiku huamka mara nyingi kwenda haja ndogo, husahau maneno, hukasirika upesi, na akiketi tu, husinzia. Mambo mengine yafanyika ndani pasipo kuonekana: nguvu ya damu hupanda, moyo huchoka, na hatari ya kiharusi huongezeka. Wako watu watumiao vidonge vya nguvu ya damu miaka mingi, nayo haishuki, na hakuna aliyewauliza wanalalaje. Na dereva wa lori au wa pikipiki mwenye ugonjwa huu ni hatari kwake na kwa wote aliowapakia.

Kwa kupima uzito wa usingizi wa mchana, daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, alitunga mwaka 1991 maswali 8 mepesi ambayo waganga huyatumia hata leo. Mgonjwa huulizwa kama angesinzia akisoma, akiketi kimya baada ya chakula, akiwa abiria katika gari muda wa saa moja, akizungumza na mwenziwe, na mengine ya namna hiyo. Kila jibu hupewa alama 0 mpaka 3. Jumla ikipita 10, usingizi huo wa mchana umezidi, na sababu itafutwe. Twashauri mgonjwa asijibu peke yake. Mara nyingi mume hujiandikia 5, na mke wake, aliyemwona akisinzia na kijiko mkononi, humwandikia 15.

Kisha hufuata upimaji wa usiku. Mgonjwa hulala hospitalini na nyuzi nyembamba zimebandikwa kichwani, kando ya macho, kidevuni na miguuni. Mikanda huzungushwa kifuani na tumboni. Kichopo kidogo cha puani hupima hewa, na kibanio cha kidole hupima oksijeni. Haumi wala hachomwi sindano. Vipo pia vyombo vidogo ambavyo mtu hulala navyo nyumbani kwake. Vyombo hivi ni vya bei, wala si kila mji unavyo. Lakini mahali visipopatikana, kazi haiishii hapo. Mke aweza kumpiga mumewe picha za video kwa simu akiwa amelala, dakika chache tu, pamoja na sauti. Daktari akiona picha hizo, akitazama koo, akipima shingo, uzito na nguvu ya damu, amekwisha kujua mengi.

Na matibabu? Kupunguza unene huwasaidia wengi. Pombe ya jioni, na kanyanga zaidi, hulegeza koo, iachwe. Kulala ubavu ni kwema kuliko kulala chali. Vidonge vya kuleta usingizi humfaa mgonjwa huyu kama mafuta yafaavyo moto. Kwa ugonjwa mkali, zamani hapakuwa na njia ila kutoboa tundu shingoni ili hewa iingie. Lakini mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake, huko Sydney, Australia, walionyesha njia nyingine: mashine ndogo yenye kupuliza hewa puani usiku kucha, hewa hiyo ikizuia koo lisijifunge. Kitu chepesi hivyo, na watu wengi wamepona kusinzia kwao kwa siku chache! Ila mashine yataka umeme kila usiku, na sisi twajua jinsi umeme wetu ulivyo. Ndiyo maana twakaza sana yale mengine yasiyohitaji umeme. Viko pia vifaa vya kuvaliwa menoni vivutavyo taya la chini mbele.

Watoto nao hukoroma. Mtoto alalaye kinywa wazi, akikoroma kila usiku, akitoka jasho, akikojoa kitandani ingawa alikwisha kuacha, pengine ana mafindofindo makubwa yanayomziba. Na angalieni ajabu hii: mtoto asiyelala vizuri mara nyingi hasinzii kama mtu mzima, bali hutukutika, hasikii, hapigi hatua shuleni. Mwalimu humwadhibu. Daktari wa koo angeweza kumsaidia kuliko fimbo.

Kukosa usingizi ni jambo jingine. Hapa mgonjwa mwenyewe ajua, tena ajua mno. Huhesabu saa zote kwa mlio wa jogoo. Usiku mmoja au miwili ya namna hiyo, kwa msiba au kwa deni la karo ya shule, si ugonjwa. Waganga huuita ugonjwa wa kudumu ikiwa shida hutokea usiku 3 au zaidi katika juma, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, nayo yaharibu kazi ya mchana. Huutambua kwa mazungumzo, na kwa daftari ambamo mgonjwa huandika kwa majuma mawili saa aliyolala na saa aliyoamka. Dawa ya kwanza si kidonge. Dawa ya kwanza ni kuufundisha mwili upya: kuamka saa ile ile kila siku, hata baada ya usiku mbaya, kwenda kitandani wakati macho yamekuwa mazito, si kabla, na usingizi usipokuja baada ya dakika 20 hivi, kuondoka kitandani, kuketi mahali penye mwanga mdogo, na kurudi ukija. Kitanda kisiwe mahali pa kupigia hesabu za matatizo. Kahawa ya jioni hubaki damuni saa nyingi. Na simu mkononi usiku twaona ni mgeni asiyejua kuaga. Vidonge vya usingizi vina mahali pake, kwa siku chache na kwa amri ya daktari. Vikinunuliwa sokoni na kunywewa mwezi baada ya mwezi, mtu huvizoea hata asiweze kulala bila hivyo, na vikichanganywa na pombe huweza kusimamisha pumzi.

Neno moja kwa mama wajawazito. Mkisikia jioni miguu yenu ikiwashwa ndani kwa ndani, isitulie mpaka mmesimama na kutembea, msione haya kusema. Mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma, nao hupimwa kwa damu na kutibiwa.

Sasa tulirudie lile neno la mwili uliofungwa. Inatokea kwamba mtu huamka katikati ya ndoto: ubongo umekuwa macho, lakini mwili haujafunguliwa. Ataka kupiga kelele, hawezi. Ataka kuinua mkono, hawezi. Na kwa kuwa ndoto haijaisha, huona mtu amesimama mlangoni au amemkalia kifuani. Waswahili huita jinamizi. Hofu yake ni kubwa, lakini lenyewe halidhuru. Hupita kwa sekunde chache au dakika chache. Huwapata zaidi wenye kukosa usingizi wa kutosha na walalao chali. Mwenzi akimgusa na kumwita kwa jina, mara nyingi humaliza. Lakini mara ngapi asubuhi yake mtu hukimbilia kwa mfumu, akatajiwa jina la jirani aliyemkalia kifuani! Urafiki wa miaka mingi umevunjika katika vijiji vyetu kwa sababu ya dakika moja ya usingizi.

Lililo baya zaidi huwapata watoto. Wapo watoto ambao katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku huketi, husimama, hutembea, hufungua mlango, macho wazi, nao hawasikii wala hawaoni kama sisi. Wengine hupiga kelele za hofu, wasimtambue mama yao, na asubuhi hawakumbuki neno. Jambo hilo huonekana mara nyingi katika ukoo mmoja, na kwa wengi huisha wakikua. Mtoto arudishwe kitandani taratibu, mlango ufungwe vizuri, moto na visu viwekwe mbali. Akitetemeka mwili, akitoa povu, akijiuma ulimi, au jambo likijirudia mara nyingi usiku mmoja, apelekwe kwa daktari, maana laweza kuwa kifafa, nacho kina dawa.

Hayo ndiyo ya kufanya. Lakini katika nchi yetu mtoto atembeaye usiku, au akojoaye kitandani, ameitwa mlozi. Watoto wamepigwa, wamenyimwa chakula, wamefukuzwa wakalale barabarani, tena na watu wa nyumba yao wenyewe. Sheria ya Kongo ya kuwalinda watoto, ya tarehe 10 Januari 2009, yamwadhibu mtu amshtakiye mtoto ulozi. Twaitaja kwa sababu wako wasiojua kwamba ipo. Yule aliyemwona mtoto usiku ndiye shahidi wake. Na shahidi huyo aweza kumpeleka hospitalini, au aweza kumwangamiza.

Tumeuacha mwisho ugonjwa ulio wetu hasa. Mtu akisinzia mchana, sababu zaweza kuwa nyingi: zile tulizozitaja, dawa fulani, au ule ugonjwa wa ubongo ambao daktari Mfaransa Gélineau aliupa jina la narkolepsia mwaka 1880, umfanyao mtu kushikwa na usingizi ghafula hata akiwa anazungumza. Lakini hapa Kongo daktari hatasahau kuuliza: «Umekaa wapi miaka hii?» Mgonjwa akiwa ametoka Kwilu, Kwango au Mai-Ndombe, kwenye vijito vyenye miti na mbung'o, laweza kuwa jambo la malale.

Mbung'o akimwuma mtu, huweza kumtia vijidudu viitwavyo tripanosoma. Mwanzoni vijidudu hukaa damuni: homa ya kuja na kwenda, kichwa kuuma, mwili kuwasha, vivimbe laini nyuma ya shingo. Wengi hudhani ni malaria. Malale ya Kongo haina haraka. Miezi hupita, hata miaka, ndipo huingia ubongoni. Na hapo watu hukosea wakidhani kwamba mgonjwa hulala kupita kiasi. Saa zake za kulala hazizidi sana, zimetawanyika. Mchana husinzia akiwa ameketi juani, usiku huzunguka nyumba akisema peke yake. Tabia yake hugeuka: mpole huwa mgomvi, mwenye haya hukosa haya, mchapa kazi huacha shamba. Yeye mwenyewe haoni badiliko lolote. Mke ndiye asemaye: «Huyu si yule aliyenioa.» Maneno hayo daktari wa malale huyapokea kwa uzito, naye hafikirii kwamba ni ugomvi wa nyumbani.

Upimaji huanza kwa tone la damu ya kidoleni. Likionyesha alama, hutafutwa vijidudu wenyewe kwa darubini, katika damu au katika maji ya kivimbe cha shingo. Daktari akiona dalili kwamba ubongo umeguswa, huenda akachoma sindano mgongoni kutoa maji kidogo ya uti wa mgongo. Watu huiogopa sindano hiyo, wakakimbia kikosi cha wapimaji kinapoingia kijijini. Waliokuwa wakiogopa dawa yenyewe walikuwa na sababu: melarsoprol, iliyotumika tangu mwaka 1949, ilikuwa na sumu ya aseniki, ikiunguza mishipa, na katika wagonjwa 100 iliua kama 5. Siku hizo zimepita. Mwaka 2009 yalianza matibabu ya kuchanganya maji ya mshipani na vidonge, nayo bado hutumika kwa wenye ugonjwa mkali. Kisha waganga wa Kongo, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, wakajaribu vidonge vya fexinidazole kwa wagonjwa wa Kongo na wa Afrika ya Kati, na mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ya Kongo ikavikubali. Mwaka 1998 walitangazwa katika Afrika wagonjwa wapya karibu 40,000. Mwaka 2009 hawakufika 10,000. Mwaka 2018 hawakufika 1,000. Zaidi ya nusu ya waliosalia miaka ya karibuni wamekuwa watu wa Kongo.

Matibabu ni ya bure. Mtu mzima humeza vidonge 3 kwa siku 4, kisha vidonge 2 kwa siku 6, mara moja kila siku, mwuguzi akitazama. Lakini vidonge hivyo humezwa pamoja na chakula; katika tumbo tupu, dawa haiingii damuni ya kutosha, na mgonjwa wa malale mara nyingi hataki kula. Basi kwa siku hizo kumi mwenye kumwuguza ana kazi yake kila asubuhi: ampikie chakula kamili, akae karibu naye mpaka ameshiba, ndipo amwite mwuguzi alete vidonge.